Safari za Mchezaji wa Mwanza

Mtu atokaye mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma, baada ya mwendo wa kilomita 20 hivi, hufika Kisesa, na kutoka hapo njia fupi humpeleka Bujora. Mahali hapo katika miaka ya 1950 Padri David Clement, mtu wa Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza kazi ya kukusanya vitu vya kale vya Usukuma: ngoma za watemi, vigoda vyao, silaha, vyombo vya waganga na zana za wahunzi. Kazi hiyo ikawa makumbusho ambayo hata leo wageni na wanafunzi huenda kuyatazama. Moja katika majengo yake limewekwa kwa heshima ya vyama vya ngoma. Si ajabu kwamba wachezaji walipewa nyumba yao mahali palipo na nyumba ya watemi. Katika Usukuma mchezo haukuwa jambo la kupoteza wakati. Ulikuwa kazi yenye walimu wake, siri zake, heshima yake na, mara nyingine, hasara yake.

Wasukuma husimulia kwamba palikuwa na mafundi wawili wakubwa wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, walioshindana ili ijulikane nani zaidi. Kwa Ngika kulitoka Bagika, na kwa Gumha kulitoka Bagalu, na tangu hapo ngoma za nchi hiyo ziligawanyika pande mbili. Baada ya mavuno, vikundi vya pande hizo huingia kiwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Hapana mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji ndio waamuzi, kwa kuwa upande unaovuta watu wengi ndio ulioshinda. Katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni, Bujora hujaa watu wanaokuja kutazama mashindano hayo. Manju mwenye jina hakuwa mtu wa kijiji kimoja tu. Aliitwa huku na huko, akasafiri na watu wake, akala katika nyumba za wageni, akarudi na zawadi au akarudi na aibu.

Nimeanza na habari hizi kwa sababu nakusudia kueleza maisha ya mchezaji wa aina nyingine, naye ni mtoto wa Mwanza. Jina lake ni Mrisho Ngassa, mchezaji wa mpira wa miguu, aliyezaliwa mwaka 1989. Habari zake aghalabu husimuliwa vipande vipande: bao hili, mkataba ule, ugomvi wa mashabiki siku fulani. Vipande hivyo vikiunganishwa twaona jambo ambalo magazeti ya michezo hayakuwa na nafasi ya kulisema. Njia alizopita mchezaji huyu ni njia za kale za riziki katika nchi yetu. Kabla yake zilikwisha kupitwa na wapagazi, wakulima, mabaharia na wachimba madini. Yeye alizipita kwa mpira.

Kusafiri kwa nguvu za mwili si jambo jipya kwa watu wa upande huu wa Ziwa. Katika karne ya kumi na tisa Wanyamwezi na majirani zao Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri katika misafara iliyokwenda pwani na kurudi. Walichukua pembe za ndovu mabegani mwendo wa miezi, kwa ujira waliopatana, wakarudi na nguo, shanga na majembe. Safari ya pwani ilikuwa alama ya utu uzima. Kijana aliyeimaliza alisikilizwa barazani. Wahenga walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii haimwahidi msafiri mali. Yasema tu kwamba aliyekwenda ana nafasi ambayo aliyekaa hana. Maisha ya mchezaji wa kulipwa yamefungwa ndani ya neno hilo dogo, "huenda".

Baada ya zama za misafara ikaja pamba. Zao hilo ndilo lililobadili uso wa Usukuma katika karne ya ishirini. Wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Victoria, ambalo kiongozi wake mkuu alikuwa Paul Bomani. Pamba ilijenga maghala, ikanunua malori, ikasomesha watoto. Tena ikalipa jina lake timu ya mpira ya Mwanza. Timu ya Pamba, ambayo wapenzi wake waliiita TP Lindanda, ilikuwa fahari ya Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990. Mwaka 1990 ilicheza katika Kombe la Washindi la Afrika. Katika waliovaa jezi yake alikuwamo Khalfan Ngassa, babaye Mrisho.

Yafaa tukumbuke hali ya mchezaji wa zama za baba. Katika miaka ya siasa ya ujamaa mpira ulihesabiwa kuwa mchezo wa ridhaa. Timu nyingi ziliambatana na mashirika ya umma, viwanda, majeshi na bandari, na aghalabu mchezaji aliandikwa kazi mahali fulani, akapata mshahara wa kazi hiyo, kisha akacheza. Waliokwenda nje walikuwa wachache mno. Sunday Manara wa Yanga, aliyecheza Uholanzi katika miaka ya 1970, alitajwa kwa mshangao kama mtu aliyekwenda mwezini. Basi mchezaji wa zama zile aliweza kuwa maarufu sana na bado asiwe na bei. Biashara huria ilipoingia nchini, na mashirika ya umma yakabinafsishwa au yakafa, nyingi katika timu zile zilikosa mlezi. Pamba yenyewe ilishuka daraja mwaka 2001, na haikurudi katika Ligi Kuu mpaka mwaka 2024, kwa jina la Pamba Jiji. Mtoto akakua katika mji ambao timu ya babaye ilikuwa imezama.

Mrisho alipitia Toto African ya Mwanza, timu ambayo tangu zamani imekuwa na udugu na Yanga ya Dar es Salaam, kisha akaenda Kagera Sugar. Jina la timu hii laeleza kila kitu: ni timu ya kiwanda cha sukari, ng'ambo ya pili ya Ziwa, nayo huchezea Kaitaba, mjini Bukoba. Baba alicheza chini ya jina la pamba. Mwana akaanza kujulikana chini ya jina la sukari. Vizazi vya watu wa Mwanza na Bukoba wamevuka maji hayo usiku kwa meli, wakienda kuuza, kuoa, kusoma na kuzika. Kijana mwembamba mwenye mbio za ajabu, anayetafuta nafasi katika timu, hakuwa abiria wa ajabu katika njia hiyo.

Kutoka Kagera aliitwa Yanga, naye alikuwa hajatimiza miaka 20. Hapa msomaji aliyeona ngoma za Bujora ataelewa upesi. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936, zimeigawa nchi pande mbili kama Bagika na Bagalu walivyoigawa Usukuma. Mtoto huzaliwa upande mmoja, hulelewa humo, na huona haya kuuacha. Yanga ndipo Ngassa alipopata jina. Mwezi wa Februari mwaka 2009 Tanzania ilikuwa Ivory Coast katika michuano ya kwanza ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, ikawafunga wenyeji bao 1 kwa 0, na mfungaji alikuwa yeye. Miezi miwili baadaye alikuwa London, akifanyiwa majaribio na West Ham United.

Hakuchukuliwa. Jambo hili husemwa mara nyingi kwa masikitiko, kana kwamba maisha yake yote yalikwama kwenye mlango ule. Majaribio ni sehemu ya maisha ya mchezaji wa kulipwa, kama vile kupanga bidhaa chini na kuzipanga tena ni sehemu ya maisha ya mchuuzi. Mnunuzi huja, hugusa, huuliza, huenda zake. Mchuuzi asiyeweza kustahimili hayo hawezi kazi. Mwezi wa Julai mwaka 2011 Ngassa alijaribiwa tena, safari hii Marekani, na Seattle Sounders, akaingizwa uwanjani katika mchezo wa kirafiki na Manchester United mbele ya watazamaji zaidi ya 67,000. Wenyeji walifungwa mabao 7 kwa 0, naye akarudi nyumbani bila mkataba. Lakini mtoto wa Mwanza alikwisha kukanyaga uwanja ule, na vijana wa Kirumba wakajua kwamba dunia ina njia ya kufika huko.

Wakati huo hakuwa tena mchezaji wa Yanga. Mwaka 2010 alinunuliwa na Azam, timu ya kampuni ya mfanyabiashara Said Salim Bakhresa, mwenye unga na vinywaji, kwa ada iliyosemwa wakati ule kuwa kubwa kuliko zote katika mpira wa nchi. Azam haikuwa na historia ndefu wala matawi ya mashabiki mikoani; ilikuwa na fedha, uwanja wake Chamazi, na mishahara iliyofika kwa wakati. Kwa mara ya kwanza Watanzania wengi waliona wazi kwamba mchezaji ana bei. Pamba ilikuwa timu ya zao la wakulima na mashirika ya umma; Azam ilikuwa timu ya mali ya mtu binafsi. Tofauti kati ya baba na mwana, na kati ya Tanzania ya miaka ya 1980 na Tanzania ya miaka ya 2010, yaonekana hapo pasipo kuhitaji maelezo mengi.

Kisha likaja jambo lililowaudhi wengi. Mwaka 2012 Azam ilimtoa kwa mkopo kwenda Simba. Aliyekuwa kipenzi cha Yanga akavaa nyekundu. Mwaka uliofuata akarudi Yanga. Katika miaka mitatu alikuwa amezunguka katika timu tatu kubwa za Dar es Salaam, na kila alipohama palikuwa na watu waliomwita msaliti, na wengine waliomwita ndugu aliyerudi. Hapa ndipo penye swali la maana katika maisha ya mchezaji wa kulipwa: je, yeye ni wa nani?

Chama cha ngoma kilikuwa na jibu lake. Aliyeingizwa kwa mafundisho na dawa alihesabiwa kuwa wa chama hicho, na chama nacho kilimhesabu kuwa wake: alipougua, alipofiwa, alipokuwa na shamba lisilolimwa, wenzake walikuwapo. Uaminifu ulikwenda njia mbili. Shabiki wa leo hudai kwa mchezaji uaminifu wa namna ile ya zamani, lakini timu humpa mkataba wa namna hii ya sasa. Yamtaka afe kwa ajili ya jezi, na mkataba ukiisha yaweza kumwambia asante katika mistari miwili. Mimi sioni haki katika madai hayo. Mtu ambaye rasilimali yake ni miguu yake, na miguu hiyo ina miaka kumi na mitano tu ya kufanya kazi, hawezi kulaumiwa kwa kuipeleka mahali inapolipwa. Mpagazi hakuitwa msaliti kwa kubadili msafara.

Tena uko mzigo ambao hakuubadili, nao ni timu ya taifa. Mwezi wa Desemba mwaka 2012, huko Kampala, katika kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, Tanzania iliifunga Somalia mabao 7 kwa 0, na Ngassa peke yake alifunga mabao 5. Hadi alipomaliza kuitumikia nchi alikuwa ameichezea michezo 100 hivi na kuifungia mabao 25, hesabu ambayo hakuna Mtanzania aliyekuwa ameifikia wakati ule. Timu za mishahara zilibadilika. Timu hii haikubadilika. Anayetaka kujua alikuwa wa nani na aanze hapo.

Mwaka 2014 Yanga iliingia katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ikaifunga Komorozine ya Komoro mabao 7 kwa 0, kisha 5 kwa 2. Hatua iliyofuata ikatolewa na Al Ahly ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Mashindano yaliendelea miezi mingi bila Yanga, lakini yalipokwisha Ngassa alikuwa mmoja wa wafungaji bora, mwenye mabao 6. Mwaka 2015 akaondoka nchini, akajiunga na Free State Stars ya Afrika ya Kusini, timu ya Bethlehem, mji wa nchi ya ngano na baridi kali.

Safari ya kusini nayo ina wazee wake. Kabla ya Uhuru maelfu ya watu wa kusini-magharibi ya Tanganyika waliandikishwa na shirika waliloliita Wenela, wakapelekwa kuchimba dhahabu katika migodi ya Afrika ya Kusini. Serikali ya Tanganyika huru ilikomesha uandikishaji huo, kwa kuwa haikutaka nguvu za raia wake ziitajirishe nchi ya ubaguzi. Baada ya mwaka 1994 mlango ulifunguliwa upya kwa namna nyingine, na ligi ya huko, yenye fedha nyingi kuliko za majirani zake, ikawavuta wachezaji wa Zambia, Malawi, Zimbabwe na hata wa kwetu. Mchimba madini alitoa mikono na mapafu, mchezaji alitoa mbio na magoti. Wote wawili walikwenda kwa mkataba, wote wawili walihesabu siku. Ngassa hakumaliza miaka miwili huko. Mwaka 2016 alivunja safari hiyo akashika nyingine, ya kaskazini.

Safari ya pili ilimfikisha Oman, katika timu ya Fanja. Ni nchi ambayo Mswahili huweza kupotea njia na kuuliza kwa Kiswahili akajibiwa. Majahazi ya pepo za kaskazi na kusi yaliiunganisha na pwani yetu kwa karne nyingi, na watu wengi wenye asili ya huko waliokuwa Unguja na bara walirejea baada ya mwaka 1964 na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Kwa miongo mingi vijana wa Tanzania wamekwenda Maskati kutafuta kazi za kila namna. Mchezaji wa mpira ni mmoja wao tu, ijapokuwa jina lake hutangulia kufika. Huko nako hakukaa sana. Mwishoni mwa mwaka ule ule alirudi nyumbani akaingia Mbeya City.

Baada ya Mbeya, mji wa milimani ambako Wenela ilikuwa ikiandikisha watu, alicheza Mtwara katika timu ya Ndanda, kisha mwaka 2018 akapokewa tena Yanga. Mtu akichukua ramani na kuunganisha kwa wino Mwanza, Bukoba, Dar es Salaam, Bethlehem, Fanja, Mbeya na Mtwara, atapata mchoro usio na mpango. Lakini akiuweka mchoro huo juu ya ramani ya mazao, ya migodi na ya majahazi, ataona kwamba mistari mingi yalingana.

Wako watakaosema kwamba ikiwa tunataka historia ya mchezaji tungemwandika Mbwana Samatta, aliyetoka Mbagala akapita Simba, TP Mazembe na Genk, na mwezi wa Januari mwaka 2020 akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Samatta astahili kitabu, na bila shaka atakipata. Lakini historia ikiandikwa kwa waliofika kileleni tu, itatudanganya kuhusu mlima. Wengi katika wanaoishi kwa mpira barani Afrika huishi kama Ngassa: majaribio mawili yasiyozaa, mwaka mmoja hapa, miezi sita pale, kurudi nyumbani, kuanza tena. Yeye katika hao alikuwa hodari kuliko wengi, na bado njia ilikuwa hiyo. Wale wasiokuwa na mabao 25 wala jina wamesafiri katika giza zaidi.

Nami narudi Bujora nilikoanzia. Padri Clement na wazee waliomsaidia hawakuokota vitu vya watemi peke yao. Waliona kwamba ngoma ya mchezaji nayo ni hati ya historia, na kwamba mwenye nayo akifa bila kuulizwa, hati imechomwa. Wachezaji wa Pamba wa miaka ya 1980 sasa ni wazee. Jezi zao zimechakaa, na mikataba yao, kwa waliokuwa nayo, imo chini ya vitanda. Wana wao waliokwenda kusini na Arabuni wanaingia katika umri wa kutundika viatu. Wanafunzi wetu wa historia huenda mbali kutafuta habari za misafara ya kale, na waende. Lakini wakipita Kirumba jioni, wamwone mzee ameketi kando ya uwanja akitazama vijana wakicheza, wasimpite. Wamwamkie shikamoo, waketi, wamwulize alicheza wapi, alilipwa nini, na nani alimpokea aliporudi.